Moshi Mweusi wa Sajini

Babu yangu Zulfo alifariki Jumanne alfajiri, na Jumatano saa saba mchana tulimpakia nyuma ya Sajini tukaanza kumpeleka mlimani. Shuleni tunafundishwa kwamba taarifa nzuri huanza na mambo ya hakika, na hayo ndiyo mambo ya hakika niliyokuwa nayo.

Sajini ni lori. Zamani lilikuwa mali ya jeshi la nchi ambayo haipo tena, na rangi yake ya kijani bado inachungulia kila mahali ambapo rangi ya buluu ya Babu imebanduka. Babu alilinunua mnadani baada ya vita ili abebee magogo. Aliapa kwamba ndilo lori lile lile aliloliendesha akiwa askari wa miaka ishirini, na kwamba lilimtambua. Hakuna aliyethubutu kumwomba alinganishe namba.

Habari ya kifo ilinikuta madrasani, katika bweni, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka nyumbani. Nilikuwa nafuta ubao kwa adhabu, kwa sababu saa zote saba za bweni letu zilikuwa zimekutwa zikienda mbele kwa dakika arobaini, na wanafunzi tisini walikuwa wameamka, wakatawadha na kusimama safu wakingoja alfajiri ambayo haikuwa na haraka. Mwalimu wa bweni akaingia, akaniwekea mkono begani, akaniambia. Nikasema, "Asante, Mwalimu," kisha nikaendelea kufuta ubao mpaka nikaumaliza.

Tangu hapo nilikuwa nangoja nisikie kitu. Kwenye basi nilingoja. Nyumbani, walipokuwa wanamwosha, nilingoja. Hakikuja kitu. Ilikuwa kama jino lililochomwa sindano ya ganzi: unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, basi.

Babu aliacha wosia mmoja tu. Azikwe Zaglavica, kijiji chetu cha juu, ubavuni mwa Bibi Šefika. "Msinizike mjini," alikuwa akisema. "Kule wafu wamepangwa kama magari ya kuuzwa." Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Imamu na wanaume wa kijiji walikuwa wanatungoja. Jeneza lingesaliwa mara baada ya alasiri, na alasiri ya Machi kwetu huingia saa tisa. Barabara ya huko ni mawe na theluji inayoyeyuka. Mchana ni tope. Jua likishuka nyuma ya mlima, tope linageuka barafu. Mwezi huo gari pekee linaloweza kuipanda ni Sajini, na ikishaganda hata Sajini hawezi. Kwa hiyo ama tufike kabla ya baridi, ama Babu azikwe mjini kati ya watu asiowajua, na Bibi aendelee kungoja.

Usukani alikuwa ameushika Ami Rifet, mdogo wake baba yangu. Baba mwenyewe alikuwa Slovenia anajenga nyumba za watu, na basi lake lisingefika kabla ya kesho yake. Ami Rifet na Babu walikaa nyumba moja majira yote ya baridi bila kusemezana, kwa sababu wakati wa vuli Ami alitafuta mnunuzi wa chuma chakavu aje amtazame Sajini. Mezani walikuwa wanapitishiana maneno kwa jirani. "Ostoja, mwambie Rifet anipe chumvi." "Mzee Ostoja, mwambie baba chumvi iko mbele yake."

Huyo Mzee Ostoja alikuwa nyuma, pamoja na jeneza. Yeye ni wa kanisani na sisi ni wa msikitini, lakini yeye na Babu walilala kambi moja jeshini, kitanda cha juu na cha chini, na hawakuacha kubishana tangu siku hiyo. Tulimwambia akae mbele penye joto. Alikataa. "Zulfo hapendi kusafiri peke yake," alisema, akaketi juu ya tairi la akiba na kuwasha sigara.

Inanibidi sasa nikiri jambo.

Likizo ya baridi Babu aliniita kando akaniambia, "Vejsil, wewe sasa ni mtu wa kitabu. Mwandikie Sajini hirizi. Watu wanamtazama sana." Kwetu hilo si ajabu. Mtoto ana hirizi, ng'ombe ana hirizi, kwa nini lori likose? Walimu wetu wanalikemea jambo hilo kila wiki. Mimi sikulikemea. Nilichukua kalamu ya mwanzi na wino mweusi nikaandika, kwa herufi za Kiarabu lakini kwa lugha yetu ya nyumbani, orodha ya vyakula vya bweni vya wiki nzima. Hati ilitoka nzuri mno. Darasani sijawahi kuandika vile. Babu hakuzijua herufi hizo, maana alipokuwa mtoto serikali ilikuwa imevifunga vyuo vya Kurani. Akaibusu karatasi. Akaigusisha kwenye paji la uso. Akaikunja pembetatu, akaishona ndani ya ngozi. Sikujua aliiweka wapi, na hirizi ikishashonwa haifunguliwi.

Nilikusudia kumwambia wakati wa kiangazi, tukiwa tumekaa juu ya magogo tunakula tikiti, kwa sababu Babu alikuwa anacheka vizuri zaidi mdomo ukiwa umejaa. Sasa nilikuwa na mzaha uliokamilika na mtu wa kuucheka hayupo.

Barabara ya lami Sajini aliikata bila neno. Ami alikuwa amemwosha jana yake, nje na ndani, kwa heshima ya marehemu, hata chujio la hewa alilikung'uta vumbi na kulipuliza. Lori lilinukia sabuni. Tulipoacha lami na kushika mlima, kwenye kona ya kwanza tu, injini ikaanza kuzama. Ami akashusha gia ya tatu hadi ya pili. Akashusha ya kwanza. Mguu wake ulikuwa umekanyaga mafuta mpaka sakafuni, na Sajini akawa anapanda kwa mwendo wa bibi harusi. Kisha akatetemeka, akazimika.

Ami akavuta breki ya mkono. Mimi nikashuka nikaweka mawe nyuma ya matairi.

"Mafuta," alisema Ami. "Kile kituo cha mjini kinauza maji."

"Mbona mmesimama?" Mzee Ostoja alichungulia kutoka nyuma. Uso wake ulikuwa mweusi kama wa mchoma makaa. Meno tu ndiyo yaliyobaki meupe. "Na huu moshi vipi? Mnanizika mimi au Zulfo?"

"Mzee, lori hili limetoa moshi tangu sijazaliwa," alisema Ami.

"Limetoa, ndiyo. Halijawahi kunilisha."

Ami akawasha tena. Injini ikaitika mara moja, ikanguruma polepole, tamu kabisa, kama isiyojua kilichotokea. Tukaenda mita mia mbili. Ikazama tena, moshi ukafunika kona nzima, tukasimama.

Ilikuwa saa saba na nusu.

Nitasema haki: Ami alifanya kazi kwa utaratibu. Alifungua kifuniko cha tangi akatega sikio, maana tundu la kifuniko likiziba, tangi huvuta pumzi kwa nguvu ukilifungua. Halikuvuta. Mzee Ostoja akazunguka magurudumu akiyagusa moja moja kwa kiganja, kuona kama breki imeng'ang'ania.

"Baridi kama miguu ya mke wangu," alitoa taarifa. "Yote sita."

"Nimesema mafuta," akasema Ami.

Akalifungua chujio la mafuta. Ndani ya kikombe chake cha chini mlikuwa na maji, kiasi cha kijiko cha chai. Ami akakiinua kikombe juu kama padri anavyoinua kile chake. "Haya! Maji! Nilisema nini?"

"Hayo kidogo hata kunawia hayatoshi," alisema Mzee Ostoja.

"Mzee, wewe jeshini ulikuwa mpishi."

"Dereva! Jikoni nilipelekwa kwa adhabu."

Ami akasafisha, akafunga, na mimi nikapewa pampu ya mkono ili nitoe hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Unapampu, dizeli inatoka na mapovu. Unapampu, mapovu yanapungua. Unapampu mpaka itoke safi kama uzi. Vidole vyangu viliacha kusikia baada ya kama mara mia. Sikujali sana. Vilikuwa vimejiunga na sehemu nyingine za mwili.

Kazi ile ilikula dakika arobaini. Chini bondeni kivuli cha mlima kilikuwa kimeanza kuvuka mto. Tukawasha. Sajini akanguruma vizuri. Tukapanda mita mia tatu, mia moja zaidi ya mara ya kwanza, na Ami akafungua mdomo kushukuru. Injini ikazama.

 Tulishuka wote. Kitambaa cha kijani kilichofunika jeneza kilikuwa kimetapakaa masizi, na Ami akapanda nyuma akaanza kukipangusa kwa mkono wa koti lake. Alipangusa, masizi yakaenea. Aliendelea kupangusa.

Nikamwangalia. Nikauona moshi ukiondoka polepole juu ya misonobari. Na nikamsikia Babu. Sisemi kwamba ni mzimu, madrasani tumekatazwa. Nilimsikia kwa sababu nilikuwa nimeyasikia maneno yale mara mia mbili.

"Ami," nikasema, "tumeanzia mwisho. Babu alikuwa anauliza moshi kwanza."

"Nini?"

"Lori halina mdomo, lina bomba. Moshi mweupe, mafuta yanafika lakini hayaungui. Hakuna moshi na hakuna nguvu, mafuta hayafiki, ana njaa. Moshi mweusi, anakula bila kupumua." Nikaonyesha uso wa Mzee Ostoja kama ushahidi. "Huu ni mweusi. Si mafuta. Ni hewa."

"Mlaji maharage wa bweni atanifundisha mimi injini?"

"Mtoto anasema kweli," alisema Mzee Ostoja. "Ni maneno ya Zulfo hayo. Hata kambini aliyasema, akapigwa na koplo."

"Chujio la hewa nimelisafisha jana! Kwa mikono yangu!"

"Basi tulione," nikasema.

Chujio la hewa la Sajini liko nyuma ya kibanda cha dereva, ndani ya pipa la bati lenye vibanio vitatu. Ami akavifungua kwa hasira. Chujio lilitoka safi. Ungeweza kulivaa kichwani kwenda harusini. Akalishika mbele ya pua yangu.

"Umeridhika, shekhe?"

Nilikuwa karibu kuridhika. Lakini nikakumbuka kwamba akisimama Sajini hana shida, na akipanda ndiyo anakufa. Kitu kinachoziba muda wote kingeziba muda wote. Hiki kilikuwa kinangoja mpaka avute pumzi kwa nguvu.

"Ami, usilirudishe. Washa hivyo hivyo bila chujio, halafu kanyaga mafuta mpaka mwisho."

Aliliweka chujio chini. Akaenda akawasha.

Mimi na Mzee Ostoja tuliinamisha vichwa juu ya pipa lililo wazi. Chini yake kuna bomba nene linaloshuka hadi kwenye injini. Ilipokuwa inanguruma polepole, hewa iliingia humo kwa sauti ya mtu aliyelala. Ami akakanyaga. Bomba likaanza kupiga mluzi. Mluzi ukawa mwembamba. Kisha ukakatika kabisa, na nyuma yetu moshi mweusi ukatoka kama mtu kamwaga gunia la mkaa.

"Anakabwa koo," alisema Mzee Ostoja.

Tukamzima. Nikavua koti, nikatia mkono bombani hadi kwenye kwapa. Vidole havikuwa na habari yoyote ya kuniletea, kwa hiyo nilipapasa kwa kifundo cha mkono. Penye kona ya bomba palikuwa na kitu laini. Nikakibana kati ya vidole viwili visivyosikia nikakivuta juu.

Ilikuwa pembetatu ya ngozi, imeshonwa kwa uzi mweusi. Kipande cha uzi uliokatika kilikuwa kinaning'inia kwenye pembe yake.

Niliitambua kabla haijatoka kwenye kivuli cha bomba. 

Ami Rifet aliiona kutoka mlangoni, akashuka.

"Mimi ndiye niliyeiweka humo," alisema.

"Umeiweka bombani?" Mzee Ostoja alisema. "Ebo, kwa nini?"

"Ilikuwa imetundikwa huku nje, kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Imejaa vumbi. Imejaa matope." Ami aliongea taratibu, kama anatoa ushahidi mahakamani. "Maneno ya Mungu kwenye uchafu. Nikaona aibu. Nikatawadha, Mzee. Nilitawadha kabla ya kuigusa. Nikaifunga kwa uzi ndani, huku upande wa pili wa chujio, inakopita hewa safi tupu. Pahali safi kuliko pote katika lori zima."

Naomba nieleweke: katika ulimwengu huu kuna mafundi wengi wanaoacha matambara na spana ndani ya injini. Lakini ni kwetu tu ambako mtu anaweza kulinyonga lori kwa udhu.

"Basi imetoka," alisema Mzee Ostoja. "Funga twende. Saa tisa kasoro robo."

Ami hakusogea. Aliichukua hirizi kutoka mkononi mwangu kwa mikono miwili.

"Hatuendi," alisema. "Tunarudi mjini."

"Unasema nini wewe kijana?" Ami ana miaka arobaini na saba, lakini kwa Mzee Ostoja bado ni kijana.

"Hamwoni? Nilitaka kumuuza Sajini. Mzee amekaa miezi minne hasemi nami, na amekufa hajasema nami. Sasa mimi ndiye dereva, na lori lake linakataa, na kilicholizuia ni maneno ya Mungu yenyewe. Mnataka aseme kwa sauti gani zaidi? Hataki mimi nimzike. Tutamwacha mjini, ndugu yangu akija kesho ataamua."

"Kesho huyu hapandi tena, barabara itakuwa kioo," Mzee Ostoja alisema. "Atazikwa huko huko chini. Rifet, usiwe mjinga."

"Ishara ni ishara."

Alianza kupanda kwenye usukani. Njia pale ilikuwa na upana wa kutosha kugeuza.

"Ami," nikasema. "Hiyo siyo dua."

"Nyamaza."

"Niliiandika mimi. Ni orodha ya chakula cha bweni."

Alisimama mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi. Aligeuka, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Afadhali ungekuwa nayo.

"Vejsil," alisema. "Hata leo? Babu yako yuko hapo nyuma. Hata leo?"

Nimezoea watu waniamini ninapodanganya. Kinyume chake sikuwa na uzoefu nacho. Nilifungua mdomo nikatafuta neno ambalo sijawahi kulitumia kwa mzaha, na sikulipata. Yote nilikuwa nimeyatumia.

"Ifungue," nikasema.

"Hirizi haifunguliwi."

"Kwenu," alisema Mzee Ostoja. "Mimi hainihusu." Akaichukua, akatoa kisu cha mfukoni na kupasua uzi kwa mpigo mmoja, kama anafungua maharage mabichi. Akaikunjua karatasi, akaitazama kichwa chini miguu juu, akampa Ami. "Soma. Wewe ulikwenda chuo utotoni, ulikuwa unalia njia nzima, nakumbuka."

Ami alisoma kama tulivyofundishwa sote, herufi moja moja, kidole kikifuata mstari. Midomo ilianza kutamka kwa heshima.

"Ju... ma... ta-tu." Akameza mate. "Ma-ha... ra-ge."

Upepo ulikuwa unapita kwenye misonobari.

"Jumanne. Supu ya... supu ya ta-r-ha-na. Jumatano. Maharage ya... ya Jumatatu." Kidole kikasimama. Kikaendelea. "Alhamisi. Wali na kuku. Kuku ameonekana mara ya... mwisho... mwaka jana. Ijumaa, pita ya unga na jibini. Ewe Fadila mpishi, tu... tuhurumie."

Mzee Ostoja alianza kucheka. Alicheka akiwa ameshika mlango wa lori, akakohoa masizi, akacheka tena, na machozi yakachora mistari miwili meupe kwenye uso wake mweusi.

"Kila asubuhi!" alisema. "Kila asubuhi anaigusa kabla ya kuwasha! Mimi namuuliza, Zulfo, inasema nini? Ananiambia, mambo makubwa, Ostoja, huwezi kuyaelewa!"

Hilo la kuigusa kila asubuhi sikuwa nalijua. Nililisikia likiingia, nikangoja lifike mahali. Lilikuwa halijafika bado.

Ami Rifet aliketi kwenye ngazi ya lori. Aliisoma karatasi mara ya pili, kimya.

"Nilitawadha," alisema.

"Najua, Ami."

"Kwa hiyo hakukasirika."

"Sijui alikuwa na hasira au hakuwa nayo," nikasema. "Ila kilichotuziba hapa ni maharage ya Jumatatu. Na mimi."

Akaitazama barabara ya juu, akaitazama ya chini. Kisha akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akaitia katika mfuko wa shati, akasimama.

"Kofi lako nakuwekea," aliniambia. "Nikumbushe baada ya arobaini. Toa mawe."

Tulirudisha chujio, tukafunga vibanio. Sajini alipanda kama hakuna mlima. Gia ya pili, ya tatu, moshi kidogo wa kijivu wa uzee wake wa kawaida. Penye kona mbili za mwisho tope lilikuwa limeanza kukaza, na tairi za nyuma ziliteleza kidogo na kushika, zikateleza na kushika. Ami hakusema neno njia nzima, isipokuwa mara moja, alipobadilisha gia: "Kumbe anavuta hivi." Alilisema kama mtu anayemsikia mgeni akitajwa kwa sifa.

Tulifika saa tisa na dakika ishirini. Walikuwa wamekwisha kusali alasiri na walikuwa wamesimama nje na kofia zao, wameelekea barabara. Hakuna aliyeuliza. Walimtazama Mzee Ostoja usoni, wakatazama kitambaa, wakapokea jeneza mabegani.

Kwetu koleo la makaburini halipokezwi mkono kwa mkono. Ukichoka unaliweka chini, na mwenzako analiokota. Ami alitupia udongo mwingi kuliko wote. Aliliweka chini, nikaliokota. Mpini ulikuwa na joto la mikono yake. Nilijua hivyo kwa sababu nilifikiri lazima uwe nalo. Nikatupia, nikaliweka chini, Mzee Ostoja akaliokota. Alitupia mara tatu, akafanya ishara ya msalaba nyuma ya watu ili asimkwaze mtu, akaliweka chini. Jina la Bibi liko kwenye jiwe la kushoto. Waliacha nafasi nyembamba sana kati yao.

Barabara iliganda, kwa hiyo tulibaki kijijini. Katika nyumba ya zamani wanawake walitupa chai, mkate na jibini. Kwenye sahani iliyofuata kulikuwa na maharage. Mzee Ostoja aliyatazama, akatoka nje.

Ami akaweka mbele yangu ukurasa uliochanwa kwenye daftari, na kalamu ya risasi.

"Andika nyingine," alisema.

"Ya nini?"

"Ya Sajini. Simuuzi. Hawezi kukaa hana kitu."

"Ami, walimu wanasema..."

"Walimu wako walisema nini kuhusu ile ya kwanza?" Akakunja mikono. "Andika. Herufi zile zile. Na mimi nitaisoma kabla haijashonwa, kwa hiyo angalia."

 Nilijaribu dua moja ninayoijua vizuri, nikaona mkono hautaki. Nilikuwa nimekwisha kumpa mtu karatasi ya uongo iliyoguswa kila asubuhi, na sikujua ni herufi zipi zingestahili kukaa mahali pake. Mwisho niliandika yale niliyokuwa na hakika nayo.

Moshi mweupe, mafuta hayaungui. Hakuna moshi wala nguvu, mafuta hayafiki. Moshi mweusi, hewa. Uliza moshi kwanza. Kitu chochote kisiwekwe kwenye bomba la hewa, hata hiki. Ameyasema Zulfo, dereva.

Hati ilikuwa mbaya. Kalamu ilikuwa inanichomoka; vidole vilikuwa havijarudi. Ami aliisoma herufi moja moja, kidole kikifuata mstari, akafika mwisho.

"Basi?" aliuliza.

"Basi."

Akanirudishia. "Weka na ile Ijumaa ya bweni," alisema. "Pita baba aliipenda."

Nikaweka.